Bega Nililolipeleka Msibani

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, nilivyovua mkanda wa kuning'iniza mkono nikiwa nyuma ya pikapu, barabara ya Matombo, nikaukunja kama leso na kuutia mfuko wa suruali. Ilikuwa wiki ya tano tangu nipasuliwe bega. Daktari alikuwa amesema wiki sita. Mimi niliona ile wiki moja iliyobaki ni tahadhari tu ya daktari, na kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kuipunguza bila kumuuliza mtu. Nitakueleza yaliyotokea mchana wa siku hiyo. Lakini kwanza nikueleze mimi ni nani, maana kosa lenyewe halieleweki bila kumjua aliyelifanya.

Nilizaliwa Matombo, juu kidogo ya misheni, kwenye nyumba ya Waislamu iliyozungukwa na migomba. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na baada ya hapo hakuna aliyenisomesha ila mimi mwenyewe. Nimeteremka na mikungu ya ndizi kichwani hadi barabarani, nimepakia malori Msamvu, nimeosha vyombo Dar es Salaam. Nilipofika Afrika Kusini nilianza kwa kufagia ghala la samaki wa kugandishwa. Mchana nafagia, jioni nasoma, miaka minne. Nilirudi nyumbani na stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, na sanduku la vifaa ambalo watu wawili walishindwa kulinyanyua. Sioni haya kulisema. Wakati ule, jokofu la bucha au la duka la dawa likizima hapa mjini walinifuata mimi, na hata wale waliokuwa wakinisema pembeni walinifuata mimi.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Kwa hesabu zenu nyinyi wa leo huo si ujana, lakini mimi nasema ni ujana, kwa sababu bado nilikuwa sijawahi kushindwa na kitu.

Bega niliumia nikiwa kazini. Nilikuwa narudi na kompresa ya jokofu niliyoifunga mgongoni, mvua imenyesha, pikipiki ikateleza kwenye kona, nikaangukia upande wa kulia. Mfupa haukuvunjika. Kilichokatika ni kano, zile kamba ngumu zinazoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke mahali pake. Kwa miezi mitatu nilishindwa hata kuchana nywele. Fundi wa majokofu kazi yake nusu iko juu ya kichwa: kufungua, kukaza, kushusha, kupandisha. Bila mkono wa kulia, vyote nilivyovijenga kwa jasho langu vingelala chini.

Basi nikaenda Dar es Salaam, nikapasuliwa. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alinionyesha kwenye karatasi mahali aliposhona, akasema, "Nimeshona vizuri. Lakini uzi unashikilia tu, kano ndiyo inayojiunga yenyewe, na inachukua muda wake. Ukiikata tena sijui kama nitapata pa kushonea." Nilimwelewa, mwanangu. Nisije nikasingizia kwamba sikuelewa.

Kisha nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa dada mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, sauti ndogo. Alinipa karatasi yenye michoro ya mtu ameinama huku mkono unaning'inia, mtu amelala chali na fimbo, mtu anapandisha vidole ukutani. Nikaitazama, nikamrudishia.

"Hii ni michoro ya watoto, dada."

"Watoto wanaifuata, kaka. Wanaonisumbua ni watu wazima."

"Mimi ni fundi wa mitambo. Nina diploma. Masuala ya mzigo na nguvu nayaelewa."

"Vizuri. Basi mzigo wako kwa wiki sita ni mkono wenyewe. Usiongeze hata kikombe cha chai."

Akanifundisha zoezi la kwanza. Unainama, mkono mzima umeegemea meza, mgonjwa unauacha uning'inie kama ndoo ya kisimani, kisha unausogeza mwili kidogo ili mkono upembee wenyewe, mbele na nyuma, halafu duara dogo. Dakika tano, mara nne kwa siku. Baada ya hapo unarudisha mkanda shingoni, na unalala nao. Nilifanya mbele yake kwa heshima. Moyoni nilikuwa nacheka.

Nikarudi nyumbani Bigwa. Mke wangu, Mwanaidi, aliibandika ile karatasi kwenye mlango wa kabati la vyombo, akawa ananihesabia dakika kuliko hata saa ya ukutani. Wiki mbili za kwanza nilifuata, kwa sababu ya maumivu. Wiki ya tatu maumivu yakapungua, na hapo ndipo nilipoanza kuharibikiwa.

Acha nikueleze fikra zangu zilivyokwenda, maana hazikuwa za kijinga, zilikuwa za fundi. Kwenye kazi yangu, mtambo ukishatengenezwa haukabidhiwi hivi hivi. Unawashwa, unapewa mzigo wake wote, unasikilizwa. Ukikaa kimya, umepona. Nilifanya hivyo kwa majokofu zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, na sikuwahi kurudishiwa hata moja. Kwa hiyo bega lilipokaa kimya nikaanza kulijaribu. Wiki ya tatu kikombe. Mwanzo wa wiki ya nne birika lenye maji nusu. Halikusema kitu. Mwisho wa wiki ya nne nikanyanyua birika limejaa, nikalipeleka mpaka usawa wa jiko, nikalishusha.

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeambiwa unyanyue birika?"

"Najaribu tu."

"Unajaribu bega lako kama la jirani."

"Haliumi, Mama Salma. Kama haliumi limepona."

"Na hiyo iko kwenye karatasi gani?"

Nilijiona mvumilivu kwa kutomjibu.

Ndipo ikaja habari ya msiba. Mjomba wangu mkubwa, kaka wa mama, alikuwa amefariki kule Matombo usiku wa kuamkia siku ile, na angezikwa mchana. Kwa ambaye si Mluguru nieleze kidogo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo wa mama. Mjomba ndiye mkubwa wako kabla ya baba. Mpwa haendi msibani kwa mjomba wake kama mgeni wa kukaa mkekani na kupewa kahawa. Na kwenye ukoo wetu kuna desturi ya miaka mingi kwamba jeneza la mjomba likitoka nyumbani wanaolitoa ni wapwa, mpaka kwenye kijito. Baada ya kijito hupokea yeyote anayetaka thawabu.

Asubuhi ile Mwanaidi alinifunga mkanda mwenyewe, akaukaza vizuri, akapanda mbele kwenye pikapu pamoja na mama yangu. Mimi nikapanda nyuma na wanaume. Tulipokaribia, nikafikiria watu wote watakaokuwepo, walioniona nikiondoka na mikungu kichwani, walioniona nikirudi na sanduku. Nikajiona nashuka mbele yao nimening'inizwa mkono kwa kitambaa kama mgonjwa wa zahanati. Hapo ndipo nilipouvua.

Mwanaidi aligundua kabla sijaweka mguu chini.

"Mkanda uko wapi?"

"Mfukoni."

"Mfuko nao umepasuliwa?"

"Watu watanitazama, Mama Salma."

"Watu wamekuja kumzika mjomba. Hawakuja kukutazama wewe."

Akaitwa na wanawake upande wa jikoni, akaenda. Nami nikaenda walikokaa wanaume, nikasalimia wakubwa, shikamoo hii na ile, nikitoa mkono wa kulia, na kila nilipoutoa bega lilikaa kimya kama nilivyotaka.

Sasa, msiba wa Uluguru una watu wake. Kuna watani. Koo zetu zina utani wa tangu mababu, na mtani akija msibani ana ruhusa ambayo hana mtu mwingine. Atamtukana marehemu. Atalala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Atasema mambo ambayo siku nyingine yangevunja undugu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtani wa ukoo wetu siku ile alikuwa Mzee Kibwana, mtu wa miaka sabini hivi, mfupi, mwenye miguu ya kupanda milima. Alikuwa amevaa koti la zamani la mjomba, ndani nje, anatembea akichechemea kama mjomba alivyokuwa akichechemea, na watu waliokuwa wakilia wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja.

"Amekimbia huyu!" alikuwa anasema huku akigonga ukuta wa nyumba. "Ugali wa mkewe umemshinda, akaona afadhali aende akale huko!"

Na mjane, ndani, alisikika akicheka na machozi.

Kisha akaniona.

"Eeh! Mtu wa Afrika Kusini! Umekuja kuzika au kukagua jokofu?"

Watu wakacheka.

"Mjomba wako hajagandishwa, usije ukamfungua." Akanizunguka, akinitazama kama anayenunua ng'ombe. "Nguo safi. Viatu safi. Jamani, wapwa wa siku hizi wanakuja na vyeti! Jeneza linataka mabega, huyu kaleta vyeti! Au bega umelisahau kule kwa Makaburu?"

Utani hujibiwa kwa utani, mwanangu. Mtu mwingine angemwambia, bega langu liko kwa fundi, nikopeshe la kwako, na mambo yangeisha kwa kicheko. Mimi sikuwa na mzaha wowote mdomoni. Nilikuwa nimekaa ugenini miaka mingi, na tangu nirudi nilikuwa nimezoea kuchukuliwa kwa uzito. Kicheko kile kilinichoma. Nikaona jibu ni moja tu.

Jeneza lilipotolewa wapwa wakashika miti yake ya kubebea. Nafasi ya mbele kushoto alikuwa ameishika Ramadhani, mtoto wa mama mdogo, kijana mpole mwenye mabega mapana. Anayebeba upande huo mti unakaa bega la kulia. Nikaenda pale.

"Kaka, wewe pumzika," Ramadhani akasema kwa sauti ya chini. "Tuko wengi. Habari ya bega lako tunayo."

Angalia hapo. Nilikuwa nimefunguliwa mlango, tena kwa adabu, pasipo mtu mwingine kusikia. Nilimsogeza kwa mkono wa kushoto, nikaingia chini ya mti.

Hatua arobaini za kwanza zilikuwa nzuri. Watu nyuma wanaleta tahalili, jeneza linakwenda, mti umenikaa, mkono wa kulia nimeunyanyua na kuushika mti usihame. Bega liko kimya. Nilimwona Mzee Kibwana pembeni ya njia na koti lake la ndani nje, na nikafurahi kwamba ananiona. Nakwambia ukweli jinsi ulivyokuwa: nilikuwa nambeba mjomba wangu na sikuwa namfikiria mjomba wangu.

Kuteremka kwenda kijitoni kuna ngazi zilizochongwa kwenye udongo, na udongo ulikuwa na maji. Uzito wote wa jeneza kwenye mteremko unawajia wa mbele. Kwenye ngazi ya tatu au ya nne aliyekuwa nyuma yangu akateleza, mti ukaruka, nikaudaka kwa mkono wa kulia. Sikusikia mlio. Nilihisi kitu ndani ya bega kikiachia, si kwa ghafla, kidogo kidogo, kama mshono wa gunia unavyoachia ukivuta uzi mmoja. Kisha mkono ukashuka wenyewe. Niliuamuru ubaki juu, haukubaki.

Jeneza likainama upande wangu. Watu wakapiga ukelele mmoja. Na kabla sijajua nifanye nini, kichwa cha mvi kikaingia kwapani mwangu, bega likakaa chini ya mti, na Mzee Kibwana akasema kwa sauti isiyokuwa na mzaha hata kidogo, "Toka." Nikatoka. Ramadhani akashika mti kwa nyuma yake. Jeneza halikuanguka. Mzee wa miaka sabini alilipeleka mpaka kijitoni, na mimi nilifuata nyuma na wale ambao hawabebi, nimeshika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto.

Baada ya maziko nilikaa kwenye ukingo wa shamba la migomba, peke yangu. Bega lilikuwa limeanza kuuma sasa, maumivu mazito yanayoshuka mpaka kiwiko. Mzee Kibwana akaja. Koti alikuwa amelivua. Nikataka kusimama nimsalimie, akaniashiria nikae, akaitikia shikamoo yangu, akakaa.

"Nani alikupasua?"

"Daktari, Dar es Salaam."

"Alikwambia ubebe?"

"Hapana."

"Mkeo je?"

"Hapana."

"Na huyu Ramadhani?"

"Alinikataza."

"Kwa hiyo, katika watu wote waliosema nawe, uliyemsikiliza ni mimi." Akajigonga kifua kwa kidole. "Mimi, ambaye asubuhi nzima nasema marehemu amekimbia ugali. Mwanangu, kazi ya mtani msibani ni kusema yasiyokuwepo, watu wacheke, wasizimie kwa majonzi. Daktari kakupa la kweli ukalitia mfukoni. Mimi nimekupa la uongo, ukalibeba begani."

"Niwie radhi, mzee."

"Usiniombe mimi. Mtani hakasiriki. Na mjomba wako hakuanguka, kwa hiyo naye humdai wala hakudai. Kaliombe radhi hilo bega, ingawa sidhani kama linasikia maneno."

Akainuka akaenda kunawa. Hayo ndiyo yote aliyosema, na sijasikia karipio lililonienea vizuri kama lile, kabla yake wala baada yake. Mwanaidi alinifunga mkanda tena kwa ajili ya safari. Ningependa kama angenikaripia.

Dar es Salaam daktari aliangalia picha, akaniambia sehemu kubwa ya mshono imeachia. "Sifungui tena," akasema. "Kilichobaki kinaweza kushika, kinaweza kisishike. Kisiposhika, mkono wako utaishia kunyanyuka kifuani." Nikamuuliza dawa ni ipi. Akanielekeza kwa dada wa mazoezi.

Nilimkuta yule yule. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, kwa sababu nilistahili. Alitazama karatasi ya daktari, akafungua droo, akanipa karatasi ya michoro. Ile ile.

"Hakuna nyingine, dada? Yenye nguvu zaidi?"

"Ni hiyo hiyo, kaka. Unaanzia juu."

Basi nikaanzia juu. Sasa sikiliza, maana hapa hapana kisa cha kusisimua, na ndipo penye faida yako. Wiki sita tena za mkanda, mchana na usiku, na safari hii niliuvaa barabarani, msikitini, sokoni. Mara nne kwa siku naegemea meza, mkono unapembea, Mwanaidi anahesabu. Karakana yangu Msamvu ilifungwa. Wateja wakaenda kwa wengine, wakarudi wakinisimulia jinsi walivyoharibiwa mitambo yao, na mimi nikawasikiliza nimekaa. Barafu ya kuweka begani baada ya mazoezi haikunipa shida, ndicho kitu pekee ambacho nyumba ya fundi majokofu haikosi.

Baada ya wiki sita ikaja fimbo. Nalala chali sakafuni, nimeshika mpini wa fagio kwa mikono yote miwili, na mkono mzima ndio unaousukuma mgonjwa kwenda juu. Mgonjwa haufanyi kazi, unapelekwa tu. Hilo lilinisumbua kuliko maumivu, kwa sababu katika maisha yangu sikuwahi kupelekwa. Baadaye nilitengeneza chombo changu: kigurudumu kidogo cha chuma juu ya mlango, kamba imepita, vishikio viwili. Mkono mzima unavuta chini, mgonjwa unapanda. Kabla ya kukitumia nilimpigia dada simu, nikamweleza urefu wa kamba na mahali pa kiti. Aliuliza maswali matatu, akasema sawa. Nimefunga mitambo mikubwa katika maisha yangu, na kazi zangu zinajulikana, lakini kwa umakini wa kazi sijui kama nimewahi kukishinda kile kigurudumu.

Mwezi wa tatu wa mazoezi nikaanza ukuta. Unasimama, unaweka vidole ukutani usawa wa kiuno, unavitembeza kwenda juu kama buibui, ukifika unapovutwa unasimama, unahesabu, unashuka. Kila Ijumaa nilipiga mstari wa penseli pale nilipofika. Tumbo. Kifua. Kidevu. Na kwenye kidevu pakakwama. Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tatu, mstari uko pale pale. Nikampigia dada.

"Limegoma."

"Halijagoma. Ukifika hapo unasikia nini? Kuchoma au kuvuta?"

"Kuvuta."

"Ukirudi chini maumivu yanabaki?"

"Yanaisha."

"Basi uko mahali pazuri. Baki hapo hapo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lenyewe lipande, kaka. Usilipandishe."

Pale, mwanangu, ndipo nilipokuwa kwenye hatari kubwa kuliko hata kwenye zile ngazi za udongo. Hakukuwa na mtani wa kunicheka, hakukuwa na watu wa kunitazama. Tulikuwa mimi na ukuta, na kichwa changu kikiniambia sukuma kidogo tu, nusu kidole, hakuna atakayejua. Nilisimama pale siku nyingi nikilisikiliza bega, na nilifuata nilichoambiwa. Nimefanya mambo magumu duniani, nimeyataja mengine hapo juu, lakini kusimama mahali pamoja kwa makusudi sikuwahi kufanya kabla ya hapo. Ijumaa ya tano vidole vilipita kidevu, vikafika mdomoni. Nilimwita Mwanaidi aje kuona mstari. Alikuja na mikono yenye unga, akautazama, akasema, "Haya. Na jioni zoezi lako liko pale pale," akarudi jikoni.

Mwezi wa tisa nilifikisha vidole juu kidogo ya paji la uso. Hapo ndipo mkono wangu ulipoishia, na ndipo ulipo hadi leo. Naufikisha masikioni nikisali, navaa shati bila msaada, nafungua kompresa. Lakini kitu kilicho juu ya kichwa siwezi kukishusha kwa mkono wa kulia, na karakanani nilishusha rafu zote kwa kipimo cha mkono huo. Daktari aliniambia kwamba kama ningengoja ile wiki moja, kisha miezi mitatu bila mzigo, pengine ningerudi kama zamani. Pengine. Sitajua kamwe, na nimezoea kutojua.

Siku hizi nawaona vijana wengi kama wewe wakirudi nyumbani na mabega yaliyoshonwa, wengi kwa sababu ya pikipiki, wengine kwa mpira. Wanakuja kunisalimia, nami nawatazama wanavyoshika kikombe. Ndiyo sababu nimeandika haya.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Maumivu yakiondoka usidhani umepewa ruhusa. Maumivu hutangulia kuondoka, uponaji unabaki nyuma ukifanya kazi yake, na katika muda huo ndipo watu hujiharibu. Mkanda uuvae mbele ya watu, hasa mbele ya wale unaowaonea haya. Ukimsalimia mzee, toa shikamoo yako, sema samahani, mpe mkono wa kushoto ukimwonyesha wa kulia. Sijawahi kuona mzee wa milima hii aliyekasirika kwa hilo. Ukiwa unakwenda msibani mtafute mtani wako mapema, mwonyeshe mkanda, akutanie kwa huo siku nzima, utarudi nyumbani mzima. Mazoezi madogo yafanye kama yalivyoandikwa, idadi ile, siku zile, hata yakikuudhi kwa udogo wake. Jifunze kutofautisha kuvuta na kuchoma: panapovuta unasimama unahesabu, panapochoma unarudi. Usipojua, uliza, na umuulize aliyesomea, hata kama ni mdogo kwako na ana sauti ndogo. Mimi nimesoma, na ninajivunia nilichosoma, lakini nilisomea majokofu.

Na mtu akikwambia kwa sauti ya chini, kaka, pumzika, tuko wengi, mwamini. Kweli wako wengi. Mwachie mti.

Mwenyezi Mungu akurudishie mkono wako kidogo kidogo, kwa kipimo chake yeye. Akuweke karibu na watu wa kukuhesabia dakika na kukukaripia bila kukuaibisha. Akupe subira pale ukutani, siku ambayo mstari haupandi na hakuna anayekuona. Na nakuombea uzeeke mpaka ifike siku mtu akuulize ni bega lipi lililopasuliwa, na wewe usimame kidogo, ufikiri, ndipo ukumbuke.